Chema Chajiuza? Kisa cha Mashua Iliyokosa Mnunuzi

Katika somo la tafsiri la mwaka wa pili, idara yetu huwapa wanafunzi matangazo ya biashara. Tangazo halina huruma: neno moja likikosewa, mnunuzi amepotea. Safari moja tulichagua tangazo la mauzo ya mashua ya tanga iliyokwisha kutumika, mashua ya safari ndefu, ambayo mwenyewe alikuwa ameikarabati tangu omo hadi tezi na sasa anaorodhesha kila alichokibadilisha: tanga jipya, mtambo mpya, kamba mpya, mbao zilizotiwa kalafati upya.

Tafsiri zilizorudi zilituchekesha kwanza, kisha zikatunyamazisha. Mlingoti wa nyuma uligeuka "nguzo ndogo". Kalafati ikawa "gundi". Ngama, yaani pale chini kabisa ndani ya chombo ambapo maji yaliyovuja hujikusanya, ikawa "chumba cha chini", na mwanafunzi mmoja akakipa chumba hicho dirisha. Hatukuwalaumu. Sisi wa Kampala tuko mbali na bahari, na vitabu tunavyofundishia vina sura nzima juu ya hospitali na posta lakini havina hata ukurasa mmoja juu ya chombo cha baharini.

Lililobaki na sisi, hata hivyo, ni swali. Mwanafunzi mmoja aliuliza: "Mwalimu, kama mashua hii ni nzuri hivi, kwa nini mwenyewe anaiuza?" Mwenzake akamjibu kwa methali, kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Darasa likacheka, kipindi kikaisha. Makala haya ni jibu letu la kuchelewa, na tunalitoa kwa njia ya historia, kwani iko mashua moja iliyowahi kutiwa sokoni ikakosa mnunuzi, nayo haikuwa mbaya.

Jina lake Suhaili. Ilijengwa Bombay, mji unaoitwa Mumbai siku hizi, katika miaka ya 1963 na 1964. Aliyeijengesha ni Robin Knox-Johnston, kijana Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1939, afisa katika meli za kampuni ya British India. Wazee wetu wanaikumbuka kampuni hiyo, kwa kuwa meli zake ndizo zilizosafirisha watu baina ya Bombay na bandari za Afrika Mashariki hadi Durban, na mojawapo iliitwa Kampala. Mji wetu usio na bahari ulikuwa na jina lake baharini.

Kijana huyo na wenzake walitaka mashua ya kuwarudisha kwao Uingereza. Kwa maelezo yake mwenyewe, waliagiza michoro ya mashua moja, wakaletewa ya nyingine. Muda ulikuwa mfupi, wakaijenga hiyo hiyo iliyokuja. Mchoro ulikuwa wa Mmarekani William Atkin, wa miaka ya 1920, naye Atkin aliutoa katika mashua za uokoaji za Norway alizozibuni Colin Archer mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo Suhaili ilizaliwa mzee. Ilikuwa fupi, chini kidogo ya mita 10, pana, zaidi ya mita 3, nzito, yenye ncha mbele na nyuma, na milingoti miwili, mkuu na ule wa nyuma ambao mabaharia wa pwani yetu huuita mlingoti wa galme. Mbao zake zilikuwa za msaji wa India. Mafundi waliifanya kwa mikono, kwa tezo na keekee inayozungushwa kwa uta, zana zile zile ambazo fundi wa Lamu au wa Zanzibar angezitambua bila kuelezwa.

Hapa tusimame kidogo kwenye jina, maana sisi ni walimu wa lugha na hatuwezi kulipita. Mabaharia wa Ghuba ya Uajemi huita suhaili upepo utokao kusini-mashariki. Asili yake ni Suhail, nyota ing'aayo sana upande wa kusini wa mbingu. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalo neno suheli, lenye maana ya kusini, na pia jina la nyota hiyo hiyo. Vijana wetu hawalijui tena. Wanajua kusini tu. Si ajabu. Neno la dira hubaki hai pale watu wanapoendelea kutazama nyota ili wafike nyumbani.

Desemba 1965 Suhaili iling'oa nanga Bombay ikiwa na watu watatu: Robin, ndugu yake Chris, na rafiki yao Heinz Fingerhut. Mwezi huo ni wa kaskazi. Kwa karne nyingi upepo huo ndio ulioshusha majahazi ya India na Arabuni hadi Mombasa na Zanzibar, na ndio ulioishusha mashua hii pia, kupitia Muscat na pwani ya Afrika Mashariki hadi Durban. Huko fedha ziliwaishia. Iliwabidi wafanye kazi kwanza ndipo waendelee, na safari ya kurudi nyumbani ikakamilika mwaka 1967 tu. Kipande cha mwisho, kutoka Cape Town hadi mto Thames, walikwenda bila kutia nanga popote.

Mwaka huo huo wa 1967, mwezi wa Mei, Francis Chichester alirudi Uingereza baada ya kuizunguka dunia peke yake katika mashua iitwayo Gipsy Moth IV, akiwa amesimama mahali pamoja tu, Sydney. Kila baharia aliona ni lipi lililobaki: kuzunguka peke yako bila kusimama kabisa. Knox-Johnston alitaka awe yeye. Lakini alitaka kwenda na chombo kingine. Akamwendea Colin Mudie, mbunifu wa vyombo, naye akamchorea mashua ya chuma ya zaidi ya mita 16. Fedha za kuijenga hakuwa nazo. Akaandika barua kwa makampuni akiomba ufadhili, na Suhaili akaitia sokoni.

Mnunuzi hakutokea, na makampuni hayakutoa kitu.

Tujaribu kumwelewa mnunuzi huyo asiyetokea, kwa sababu hakuwa mjinga. Miaka ya 1960 ndipo mashua za plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo zilipoanza kujaa katika bandari za Ulaya: nyepesi, rahisi kutunza, hazihitaji kalafati wala rangi kila mwaka. Sasa weka kando yake mashua fupi nene ya mbao, yenye mchoro wa karibu miaka 40, iliyokwisha kupigwa na jua la nchi za joto na kutembea nusu ya dunia. Mwenye kuuza atasema: imethibitika. Mwenye kununua atasikia: imechoka. Kila aliyewahi kuuza kitu alichokitunza kwa mikono yake, iwe baiskeli au cherehani, anaijua tofauti hiyo. Wewe unahesabu siku ulizolala hapo chini na nyundo. Yeye anahesabu miaka.

Tena yako mambo ambayo tangazo haliwezi kuyauza hata likiandikwa na msanii. Katika ile safari ndefu kutoka Cape Town, wenye Suhaili waligundua kwamba matanga yakipangwa sawasawa, mashua hujishikilia njia yenyewe bila mtu usukanini. Hiyo si kifaa. Huwezi kuiorodhesha baada ya tanga jipya na kabla ya jiko. Ni tabia ya chombo, na tabia haionekani gatini. Huonekana baada ya wiki kadhaa za bahari, wakati mnunuzi amekwisha kwenda zake.

Basi akakata shauri kwenda na hiyo hiyo aliyoshindwa kuiuza. Machi 1968 gazeti la Sunday Times la London lilitangaza mashindano yaliyoitwa Golden Globe: tuzo kwa atakayemaliza wa kwanza, na pauni 5,000 kwa atakayetumia muda mfupi zaidi. Kila mtu alikuwa huru kuanza siku aipendayo kati ya tarehe 1 Juni na 31 Oktoba. Knox-Johnston alifunga mtambo wa kushika usukani kwa nguvu za upepo, akapakia chakula cha makopo cha miezi mingi, akaondoka Falmouth tarehe 14 Juni 1968.

Wiki chache baadaye, katika Atlantiki, maji ya ngama yalianza kuzidi. Kila siku pampu, na kila siku maji. Akavaa miwani ya kupiga mbizi akashuka. Chini ya mlingoti mkuu, karibu na mkuku, pengo kati ya mbao lilikuwa likifunguka na kufumba kadiri chombo kilivyoyumba, na hali ilikuwa hiyo pande zote mbili. Fundi wa pwani angesema neno moja tu: kalafati. Lakini kalafati hutiwa chombo kikiwa nchi kavu, kimeegemezwa vizuri, fundi amechuchumaa na pamba yake na nyundo yake. Huyu alikuwa chini ya maji, pumzi imebanwa, katikati ya bahari. Pamba aliyoishindilia ilitoka. Ndipo akaishona pamba hiyo juu ya utepe wa turubai, akaupaka lami, akashuka tena na tena kuupigilia kwa misumari midogo ya shaba, na juu yake akaongeza bamba la shaba ili usibanduke. Alivaa nguo za rangi ya giza, weupe wa mwili wake usije ukawavutia papa. Papa mmoja alikuja hata hivyo. Akapanda juu, akasubiri, akampiga risasi, kisha akarudi kazini.

Tunakisimulia kipande hiki kwa urefu kwa makusudi. Mwanafunzi aliyeandika "gundi" hana njia ya kukiona kilichotokea pale. Gundi huunganisha vitu viwili visivyosogea. Kalafati hujaza nafasi kati ya mbao zinazosogea daima, na ndiyo maana hufanywa kwa pamba inayovimba ikilowa. Aliyebadilisha neno amebadilisha pia ufundi, na mnunuzi anayesoma "imetiwa gundi upya" ana haki ya kukimbia.

Mengine tutayapita upesi. Septemba, Rasi ya Tumaini Jema ikiwa karibu, wimbi liliilaza mashua ubavu hata chumba chake kikasogea mahali pake. Maji ya kunywa ya akiba yaliharibika. Redio ya kupeleka sauti ikafa. Ule mtambo wa kushika usukani, ambao katika tangazo lolote ungeandikwa kwa herufi kubwa, ulivunjika kabisa upande wa Australia. Hapo ndipo ile tabia ya chombo ilipolipa: matanga yakapangwa, mashua ikajiongoza, nahodha akalala. Novemba alikwama mchangani huko Otago, New Zealand, akajinasua bila msaada. Tarehe 17 Januari 1969 aliipita Cape Horn. Kwa miezi mingi baada ya New Zealand hakuna aliyejua kama yu hai, hadi meli moja ya mafuta ilipomwona mwezi wa Aprili karibu na visiwa vya Azores. Aliingia Falmouth tarehe 22 Aprili 1969, siku ya 312.

Walioanza mashindano yale walikuwa tisa. Aliyemaliza ni yeye peke yake.

Kati ya hao wanane wengine yumo mmoja ambaye kisa chake hakitenganiki na suala letu la kuuza na kununua. Donald Crowhurst alikuwa mhandisi wa vifaa vya umeme. Mashua yake, Teignmouth Electron, ilikuwa mpya kabisa, yenye viwiliwili vitatu, nyepesi, ya kisasa, na ilisifiwa kwa uvumbuzi wake: chombo cha hesabu ambacho kingetambua mashua inapoinama na kujaza hewa mfuko uliofungwa juu ya mlingoti isipinduke. Laiti ingetangazwa sokoni, orodha ya maboresho yake ingejaza ukurasa. Kwa kweli nyaya zilikuwa zimetandazwa kila mahali lakini hazikufika popote. Chombo cha hesabu hakikuwapo. Crowhurst aliondoka siku ya mwisho kabisa, 31 Oktoba 1968, huku nyumba na biashara yake vikiwa rehani kwa mfadhili wake. Kurudi ni kufilisika. Kuendelea kusini katika mashua inayovuja ni kufa. Akabaki Atlantiki akituma taarifa za uongo kwamba yuko mbali. Tarehe 10 Julai 1969 mashua ilikutwa ikielea bila mtu. Knox-Johnston, aliyestahili pia zile pauni 5,000, alizitoa kwa mjane na watoto wa Crowhurst.

Teignmouth Electron ilipata wanunuzi. Iliuzwa, ikauzwa tena, ikapita mikononi mwa watu kadhaa katika visiwa vya Karibi, mwisho ikavutwa ufukweni Cayman Brac na kuachwa ioze. Tunakiri kwamba hatuwezi kuufikiria ufukwe huo bila kuikumbuka ile methali ya darasani.

Bei za vyombo hivi kwa jumla ni kichekesho. Joshua, mashua ya chuma ya Mfaransa Bernard Moitessier, ambaye aliyaacha mashindano yale njiani na kwenda zake Tahiti, ilitupwa pwani na dhoruba huko Cabo San Lucas, Mexico, mwaka 1982. Moitessier, aliyeizungushia zaidi ya nusu ya dunia ya pili bila kusimama, aliwaachia vijana wawili kwa dola 20. Leo ni tunu ya jumba la makumbusho la bahari la La Rochelle. Gipsy Moth IV yenyewe, iliyomletea Chichester heshima kuu kutoka kwa Malkia, ilikuja kununuliwa kwa pauni moja na glasi ya pombe, kabla ya ukarabati uliokamilika mwaka 2005. Na babu yao wote, Spray ya Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake katika miaka ya 1895 hadi 1898, alipewa bure mwaka 1892 ikiwa gofu lililosimama kondeni huko Fairhaven, Massachusetts. Slocum aliijenga upya kwa miezi 13 na aliandika gharama yake hadi senti ya mwisho: dola 553.62. Jasho lake hakulitia katika hesabu, na hapo ndipo wauzaji wote wa mashua hukwama, kwa kuwa mnunuzi naye halitii.

Gipsy Moth IV ilifikaje pauni moja? Iliwekwa Greenwich, London, nchi kavu, watu waitazame. Chombo cha mbao kisichoguswa na maji hukauka, mbao hunywea, nafasi hufunguka. Suhaili nayo ilipelekwa Greenwich, katika jumba la makumbusho la taifa la mambo ya bahari, mwishoni mwa miaka ya 1990. Ilikaa ndani, katika hewa iliyodhibitiwa kwa mitambo, hewa nzuri kwa picha na karatasi. Mbao za msaji zilizostahimili Cape Horn zikaanza kunywea. Mwaka 2002 Knox-Johnston aliitoa, akaanza kuikarabati upya, kwa sehemu kubwa kwa mikono yake mwenyewe, kazi iliyomchukua miaka mingi. Tarehe 14 Juni 2018, miaka 50 kamili tangu siku ile, Suhaili iliongoza msafara wa mashua huko Falmouth. Yeye alikuwa na miaka 79, na mashua ilikuwa bado mali yake.

Kwa hiyo mwanafunzi wetu, ambaye amekwisha kuhitimu na huenda akalisoma jarida hili, jibu ni hili: aliyekuwa akiiuza alitaka iliyo bora zaidi, na hakujua bado alichokuwa nacho. Tangazo lile tunalo hadi leo katika faili la somo la tafsiri. Muhula ujao tutalirudia, lakini safari hii tutaanzia Ggaba, ambako mafundi wa maato ya ziwani hushindilia pamba kati ya mbao mbele ya macho ya kila anayepita. Wanafunzi waje na daftari. Jina la kazi hiyo kwa Luganda tutawauliza mafundi wenyewe. La Kiswahili watakuwa wamekwisha kulisoma hapa.